Mayai Sitini na Umeme wa Mteremko

Jumatatu, 9 Juni 2025

Siku ya kihistoria! Saa nne asubuhi mtambo wangu umezunguka. Gurudumu la mbao, vijiko kumi na viwili vya madebe ya mafuta, mkanda wa mashine ya kusaga, dainamo ya gari bovu. Maji ya kijito yakapiga, gurudumu likalalamika kidogo, likakubali. Nikagusisha globu ya taa ya breki. Ikawaka mpaka nikafumba macho! Nimecheza peke yangu pale kijitoni. Hakuna aliyeniona isipokuwa mama mkwe, ambaye huona kila kitu.

Niandike habari kamili kwa ajili ya wajukuu watakaosoma daftari hili. Mwezi wa nne mdondo ulipita kijijini kwetu ukamaliza kuku. Nyumba kumi na moja za jumuiya yetu zimebaki na matetea wachache na majogoo watatu. Wanawake wakaamua mayai yasiliwe, yatotolewe yote. Lakini tetea akianza kuatamia anaacha kutaga, na wao wanataka atage. Ndipo mimi, Evance, nikasimama katikati ya sala ya jumuiya nikatangaza kwamba nitayatotolesha kwa umeme. Mwenyekiti wetu, Yustina, akauliza kama ni umeme ule ule uliounguza redio ya kwaya. Nikamjibu kwamba ule ulikuwa umeme wa zamani. Mke wangu Witness alikuwa anatazama sakafu.

Mama mkwe hakusema kitu. Kwangu huwa hasemi. Ninaishi kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu, kama Waluguru wengi tunavyofanya, na mama mkwe, Bi Theresia, anashika heshima ya ukwe kwa mikono miwili. Miaka tisa hajanielekezea sentensi hata moja. Akiwa na jambo anamwambia kuku wake, tetea mwekundu anayeitwa Sikujua, aliyenusurika mdondo kwa ukaidi tu. Mimi nasikia nikiwa pembeni. Leo jioni nimechuchumaa mbali, nikatoa shikamoo. Akamwambia Sikujua marahaba. Kisha akamwambia Sikujua kwamba hata ule mpunga niliouleta kutoka Dakawa ulianza kwa kelele hivi hivi.

Si haki! Mpunga ule uliota vizuri sana. Ni baridi ya huku tu iliyouonea.


Jumanne, 10 Juni

Mayai yamefika. Sitini! Kila mama ameandika jina lake kwa penseli kwenye ganda. Yustina kaleta tisa, akanikabidhi moja moja huku ananitazama machoni. Akasema haya yakiharibika mwaka huu hakuna kuku wa Krismasi, hakuna wa mgeni, hakuna mchuzi wa mzazi, na wote wanaijua nyumba yangu. Mama mkwe kaleta manane, kwa mkono wa Witness.

Nimeshuka njia panda kwa Hashimu kununua waya. Hashimu ni fundi wa sola na redio. Amesomea chuoni, ana duka lenye rafu, ana mita ya kupimia umeme anayoivaa shingoni kama daktari. Ananikera. Ameniambia, bila kuulizwa, kwamba mayai yakiwekwa pa baridi yanasubiri wiki moja tu, baada ya hapo kila siku inapunguza matumaini. Akauliza mtambo uko mbali kiasi gani na nyumba. Hatua mia mbili. Akashauri waya mnene, au bora zaidi, sanduku la mayai likae pale pale kwenye mtambo.

Nimecheka kwa adabu. Sanduku linakaa sebuleni, wageni walione. Na waya nimechukua mwembamba kuliko wote dukani. Nimemweleza sababu. Mtu yeyote aliyemwagilia kabichi kwa mpira anajua kwamba ukiubana mdomo kwa kidole gumba, maji yanaruka mbali. Waya mwembamba ni kidole gumba cha umeme. Tena mtambo uko juu, nyumba iko chini. Maji yakiteremka kwenye mpira yanakuja na nguvu, kwa hiyo umeme nao utateremka na nguvu. Hashimu aliutazama ule waya, akanitazama mimi, akautazama tena waya. Nadhani alikuwa anajifunza.


Jumatano, 11 Juni

Tangu alfajiri natandaza waya. Hatua mia mbili za kwenda na mia mbili za kurudi, maana Hashimu anashikilia kwamba umeme lazima uwe na njia ya kurudi. Maji ya mpira hayarudi popote, lakini nimemwachia ushindi huo mdogo. Waya umepita juu ya migomba, ukapita kwenye mpera, ukapumzika kwenye kamba ya mama mkwe ya kuanikia nguo.

Sanduku ni zuri kupita kiasi. Mbao, maranda pembeni ya kutunza joto, bakuli la maji, kipimajoto cha kuazima kwa Hashimu, globu nne za breki kwenye kifuniko. Mayai yanataka nyuzi thelathini na nane hivi, siku ishirini na moja, bila kukosa.

Saa tisa alasiri nikaita watu. Sebule imejaa. Witness kapika chai. Nikatoa hotuba fupi. Nikaunganisha waya.

Giza.

Nikachomoa globu tatu, nikaacha moja ili niichunguze. Ikawaka nyekundu hafifu, kama kaa la mwisho jikoni. Kipimajoto kilikuwa kinasoma kumi na nane, kikapanda kumi na tisa. Nikawatangazia kwamba joto limeanza kupanda. Yustina akasema basi zimebaki nyuzi kumi na tisa, akamalizia chai, akaondoka na wenzake. Mayai yamerudi chini ya kitanda, sakafuni penye ubaridi.


Alhamisi, 12 Juni

Nimepata jibu. Globu moja imeleta nyuzi moja. Ninataka nyuzi ishirini. Tatizo ni uchache wa globu! Nimezunguka kijijini kwa wenye pikipiki nikaazima nyingine, zikafika nane. Nimezipanga kwenye kifuniko kwa ustadi mkubwa.

Haikuwaka hata moja. Nikachomoa sita, mbili zikaonekana kwa taabu. Nikachomoa moja, iliyobaki ikarudia wekundu wake. Nikarudisha zote, giza. Nimeongeza, zimepungua! Nimekaa kwenye kigoda nikizitazama zile globu, na nakiri kwamba nilizisema vibaya.

Mama mkwe alikuwa anapita uani na Sikujua kwapani. Akasimama dirishani akamwambia Sikujua kwamba wageni wanane wakiitwa kwenye sahani moja ya ugali, wote watalala na njaa, na kosa si la wageni. Nimejifanya nakohoa.


Ijumaa, 13 Juni

Kama umeme wa mteremko ni dhaifu, dawa ni kuongeza mteremko. Jambo liko wazi. Nimeuhamisha mtambo hatua mia moja zaidi juu, kwenye maporomoko madogo. Nimebeba dainamo mgongoni. Nimeteleza mara moja tu, lakini kwa urefu, katikati ya shamba la njegere la mama mkwe. Njegere kadhaa zimepata ajali. Nimezisimamisha kwa vijiti, kwa mbali huwezi kujua.

Waya umebidi kuongezwa, mwembamba ule ule. Saa kumi nikaunganisha. Globu ambayo juzi ilikuwa nyekundu, leo siioni mpaka niifunike kwa viganja na kuchungulia.

Nimepanda juu, umeme umeshuka. Sababu ni moja tu: unavuja. Nimefuata waya wote kutoka maporomoko hadi mlangoni, nimefunga kila kiungo kwa mpira wa baiskeli. Bado. Witness ameniuliza kwa upole ni siku ngapi zimebaki za kusubiri. Nikasema nyingi. Akahesabu kwa vidole vyake, taratibu, mbele yangu. Mwisho ni Jumanne. Kisha akaenda kugeuza mayai chini ya kitanda, akipitisha kidole kwenye majina. Moyo umeniuma. Witness ndiye aliyewaomba wanawake wale waniamini.


Jumamosi, 14 Juni

Hashimu amepanda mlima na mita yake. Sikumwita. Witness ndiye aliyempigia simu.

Akapima kwenye mtambo: volti kumi na tatu. Safi. Akashuka, akapima ncha za waya sebuleni, globu zikiwa zimechomolewa: volti kumi na tatu! Nikapiga kelele. Nikamkumbatia Hashimu, jambo ninalolijutia. Umeme umefika wote, haujapungua hata tone! Kisha akachomeka globu moja. Mita ikaanguka mpaka mbili na nusu. Akachomoa, kumi na tatu. Akachomeka, mbili na nusu. Nikamwambia basi tuache globu, tuwashe mita.

Akakaa kwenye kigoda akaanza somo. Volti ni msukumo. Mkondo ni umeme wenyewe unaopita, unapimwa kwa ampea. Ukinzani ni ugumu wa njia. Ukigawanya volti kwa ukinzani unapata mkondo, na hakuna mjanja aliyewahi kuikwepa hesabu hiyo. Waya wangu, kwa urefu ule na wembamba ule, una ukinzani wa kama kumi na tatu. Kumi na tatu gawanya kwa kumi na tatu ni ampea moja, kabla hata hujaihesabu globu. Globu zangu nne zinataka ampea saba. Msukumo karibu wote unaishia kuusukuma umeme njiani, globu inaletewa makombo. Na kama hakuna kinachopita, hakuna kinacholiwa njiani, ndiyo maana mita inaona zote kumi na tatu.

Nikamwambia kwamba kwenye mpira wa maji mambo hayako hivyo. Akasema yako hivyo hivyo. Nikamuuliza yeye, mtu wa duka, amewahi kumwagilia kabichi ngapi. Akavaa mita yake shingoni. Kabla ya kuondoka alichungulia chini ya kitanda, akayatazama yale majina ya penseli, akasema sanduku lisogezwe kwenye mtambo, leo. Nikasema nitalifikiria.


Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada wanawake wamenizunguka nje ya kigango. Mmoja kapendekeza mayai yarudishwe, yakaangwe yakingali yanalika. Yustina akasema tusubiri mpaka kesho. Sikutegemea kutetewa na Yustina. Imeniuma kuliko kama angenitukana.

Nimerudi nyumbani nikakaa nyuma ya migomba nisionekane. Mama mkwe alikuwa bustanini anamwagilia, Sikujua amemfunga mguu kwenye mpapai. Alijua nipo. Akaanza kumfundisha kuku.

Akachukua mpira wake wa zamani, mwembamba, mrefu, unaotoka kule bwawani juu. Akauziba mdomo kwa kidole gumba. Akamwambia Sikujua asogee asikie jinsi maji yanavyosukuma, kwamba hapo unaweza kudhani kuna mto mzima ndani. Akaachia kidole. Maji yakatoka kichovu, yakamlowanisha miguu. Akaubana nusu. Maji yakaruka mbali, yakafika kabichi ya tatu. Nikataka kushangilia! Lakini akakinga ndoo, akangoja, akamwonyesha Sikujua: ndoo haikujaa upesi, ilichelewa zaidi. Kidole hakileti maji, kinarusha mbali yale machache yaliyopo. Kisha akauondoa, akaunganisha mpira mnene alioazima kwa Yustina. Bwawa ni lile lile, halijahama, lakini ndoo ilijaa kabla sijameza mate.

Mwisho akamwambia Sikujua hivi, na nimeyaandika neno kwa neno: “Na kabichi zikiwa mbali mno na maji, mwanangu, mtu mwenye akili zake anapanda kabichi karibu na maji.”

Sikujua alikuwa anadonoa mchwa. Mimi sikulala mchana ule kama kawaida ya Jumapili.


Jumatatu, 16 Juni

Asubuhi nikipiga mswaki nimepata wazo kubwa, langu mwenyewe: sanduku likae kwenye mtambo! Nimemweleza Witness. Akanitazama kidogo, akasema ni wazo zuri sana, akaenda kuwaita wenzake.

Ulikuwa msafara wa kupendeza. Wanaume wawili na sanduku, Yustina mbele na panga akisafisha njia, wanawake sita na mayai kumi kumi kwenye matenga, vichwani, juu ya ngata nene, hatua mia tatu za kupanda bila mtu kuteleza. Wanawake hawa hushusha karoti na stroberi mpaka soko la Mawenzi mjini, mayai kwao ni mchezo. Mimi nilibeba kipimajoto.

Hashimu alishafika. Waya wa safari hii hauzidi urefu wa mtu mmoja. Nikachomeka globu nne. Mungu wangu! Zimewaka kama jua la Ngerengere! Wanawake wamepiga vigelegele. Nikashika yai la kwanza niliweke, Hashimu akanishika mkono, akasema tungoje tuone joto. Thelathini na nane. Arobaini. Arobaini na sita. Yustina akauliza kama tunatotolesha au tunachemsha.

Hashimu akazipanga upya. Mbili zikafuatana, umeme upite ya kwanza ndipo uingie ya pili. Na mbili nyingine vivyo hivyo. Akasema kila njia sasa ina ukinzani wa globu mbili, mkondo utapungua, joto litatulia. Zikawaka rangi ya machungwa, kwa upole. Tukangoja tumechuchumaa wote. Thelathini na saba na nusu. Nikatoboa kitundu cha hewa, nikakiziba nusu. Thelathini na nane kasoro kidogo, ikakaa hapo hapo. Mayai yakaingia moja moja, kila mama anaweka ya kwake.

Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula. Ila Hashimu anajiona.


Jumapili, 22 Juni

Tumemulika mayai kwa tochi, Hashimu akituelekeza. Tumejifunika blanketi tupate giza, mimi, Witness na yai. Ndani yake mishipa myekundu, na katikati kitu kidogo kinachodundadunda. Witness kanishika mkono chini ya blanketi. Mayai sita ni matupu, tumeyatoa. Hamsini na manne yako hai! Nimetoka nje kupiga chafya, ni baridi tu ya asubuhi.

Mama mkwe kampongeza Sikujua.


Jumatano, 25 Juni

Niandike na aibu yangu.

Jana Hashimu alisema tena kwamba waya mnene na mfupi hauna ukinzani, unapitisha umeme mwingi. Nikakaa na maneno hayo. Kukaa na mashine siku nzima kuna baridi, na mtambo una umeme wa bure. Nikachukua waya wa chuma, mnene, mfupi kama mkono, nikaukunja, nikauzamisha kwenye sufuria ya chai, ncha zote mbili nikazifunga kwenye dainamo. Mkanda ukapiga mluzi. Nikadhani ni dalili njema, nikashuka mara moja kwa Yustina kumwalika chai ya umeme. Mazungumzo yakanoga.

Kumbe hakuna cha kuuzuia ule umeme! Wote umekimbilia sufuriani kwa kuwa njia ni rahisi, gurudumu limelemewa, limebaki linajikokota, globu zimezimika kabisa. Niliporudi baada ya saa nzima nilimkuta mama mkwe. Alikuwa ameshaung'oa ule waya kwa mpini wa jembe. Sanduku amelifunika blanketi lake la sufu, lile ambalo hata Witness haruhusiwi kulikalia, na juu ya blanketi amelala yeye mwenyewe, amekumbatia mbao. Kipimajoto kilikuwa ishirini na tisa.

Sikujua hakuwepo. Mama mkwe hakuwa na mtu wa kumwambia. Akanitazama tu. Miaka tisa nimetamani anitazame, lakini si hivyo.

Nimempigia Hashimu. Kasema joto likirudi upesi wanaweza kuwa wazima. Limerudi baada ya dakika ishirini. Nimemulika mayai matano. Vitu vyeusi, vimetulia. Kisha kimoja kimetikisika! Halafu kingine! Nimekaa chini nimelia, na siandiki kwamba ni baridi. Chai haikuchemka, ilikuwa vuguvugu.


Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba! Nchi nzima wapo kwenye maonyesho, sisi tuna ya kwetu kijitoni. Saa mbili asubuhi Witness kasikia sauti ndani ya yai lenye jina la mama yake. Tukaita watu. Kwanza ufa, kisha mdomo, kisha mtu mzima kabisa, kalowa, kakasirika. Yustina kapiga kigelegele mpaka bonde la pili wameitikia bila kujua wanaitikia nini.

Mpaka saa kumi jioni wametoka arobaini na saba! Saba hawakutoka. Nimewaomba radhi wenye majina. Wamesema arobaini na saba inatosha kuanzia, mwakani kijiji kitakuwa na kelele za kuku kama zamani. Tumemletea Sikujua vifaranga kumi na vinne. Kavikagua, kavidonoa kidogo, kisha kavifunika mabawa. Hashimu alikuwepo, kanipa mkono mbele ya watu, kaniita fundi mwenzake. Kwa mbali si mtu mbaya.


Jumanne, 8 Julai

Siku kubwa kuliko zote. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nipo uani. Mama mkwe kaja, hana kuku kwapani. Kasimama hatua tatu tu kutoka kwangu. Akasema: “Mkwe.” Nikageuka nyuma kumtafuta Sikujua. Hayupo! Akasema tena: “Mkwe, ahsante. Umeturudishia kuku.” Akanyoosha mikono miwili, ndani yake kifaranga mweusi mwenye doa jeupe, kutoka yai lake mwenyewe. Zawadi yangu. Nikapokea kwa mikono miwili, magoti chini. Witness alikuwa mlangoni anajifuta macho kwa kanga. Miaka tisa! Sijawahi kupewa kitu kizito kama kile kifaranga.

Nikaona si vizuri kupokea nisitoe. Nikamweleza, uso kwa uso, mpango wangu ambao hata Witness hajausikia. Kijiji kizima kitapata umeme! Nimeshachunguza kwa nini tulifaulu: mayai yalikuwa chini, hayakupata joto, yakapanda mlimani, yakapata. Siri ni urefu wa mlima. Kwa hiyo mtambo utapanda mpaka chemchemi, hatua elfu mbili juu, na kutoka huko umeme utateremka kwa waya mwembamba kuliko ule wa kwanza, ili ukifika kijijini uwe umebanwa vya kutosha.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Akatazama mlima. Akamtazama Witness. Kisha akainama polepole kwenye viganja vyangu akamwambia kifaranga: “Wewe mdogo, mwambie mkwe wangu huo waya usipite juu ya kamba yangu ya nguo.” Akaenda zake bustanini.

Nina furaha isiyo kifani. Hajakataa! Na kuanzia leo ujumbe wake unapitia kwa kuku wangu mwenyewe. Kesho mapema nashuka kwa Hashimu kuchukua waya.